Sheria ya Gesi Haina Upendeleo

Askari wa jeshi na askari wa polisi huishi na gesi iliyofungiwa kila siku ya kazi yao. Imo katika matairi ya magari, katika mitungi ya oksijeni ya zahanati na katika vizima-moto vilivyotundikwa ukutani. Yafaa basi tuifahamu sheria inayoitawala.

Mnamo mwaka 1662, huko Uingereza, Robert Boyle alieleza kwamba gesi ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake, bila joto kubadilika, kanieneo lake, yaani ile nguvu ambayo madereva huiita presha, huwa maradufu. Mwaka 1811, Mtaliana Amedeo Avogadro alitoa fikra kwamba gesi zozote zenye ujazo, joto na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli.

Kutokana na kazi yao na ya wataalamu wengine ilipatikana kanuni moja. Kanieneo likizidishwa kwa ujazo, kisha jibu likagawanywa kwa kiasi cha gesi na kwa joto, hupatikana kima kile kile: jouli 8.314 kwa kila moli na kila kelvini. Kima hicho ni zao la vima viwili vya msingi vya maumbile: kima cha Boltzmann, kinachounganisha joto na nishati ya molekuli, na idadi ya Avogadro, inayohesabu molekuli zilizomo katika moli moja. Tangu tarehe 20 Mei 2019 thamani za vima hivyo viwili zimewekwa rasmi kimataifa, wala hazitegemei tena upimaji.

Je, hayo yanamhusu nini askari? Katika kanuni hii joto huhesabiwa kuanzia digrii 273 chini ya sifuri. Mtungi wenye joto la digrii 27 una kelvini 300. Ukizingirwa na moto hata ukafikia digrii 327, una kelvini 600, na kanieneo huwa karibu maradufu. Lililokuwa mara 150 ya kanieneo la hewa ya kawaida hufikia mara 300, hali chuma chenyewe kinazidi kulegea. Iwe oksijeni au naitrojeni, makadirio ni yale yale. Mitungi ya gesi ya kupikia, iliyojaa kimiminiko, ni ya hatari zaidi, kwani kanieneo lake hupanda upesi kuliko hivyo.

Kwa hiyo, askari anayefika penye moto asingoje kusoma maandishi ya mtungi. Awaondoe raia kwanza, na wazimaji waupoze kwa maji wakiwa mbali, nyuma ya kinga. Naye dereva asipunguze upepo wa tairi lililopashwa moto na safari; alipime likiwa limepoa. Mtungi hautambui cheo cha anayeusogelea. Tahadhari kabla ya athari.