Gurudumu la Garimoshi Halina Beringi: Istilahi za Ekseli katika Vichwa vya Sogeza

Katika kazi ya kusanifu istilahi za ufundi, neno linalotaabisha zaidi aghalabu si lile geni, bali lile ambalo kila mtu hudhani analifahamu. Maneno “beringi ya gurudumu” ni mfano wa jambo hilo. Gurudumu la mbele la lori huzunguka juu ya beringi, ilhali ekseli yake imetulia. Garimoshi sivyo lilivyo. Magurudumu yake mawili hushindiliwa katika ekseli moja na kuzunguka nayo kama kitu kimoja. Beringi haipo kati ya gurudumu na ekseli. Ipo kati ya ekseli na mzigo inaoubeba. Kwa hiyo fundi anayeandikiwa “badilisha beringi ya gurudumu” hajaambiwa lolote la hakika.

Ili kulieleza jambo hili tumechagua kichwa cha sogeza cha dizeli, yaani kile kinachopanga mabehewa stesheni badala ya kusafiri njia kuu. Mfano wetu ni SW1, aina iliyoundwa Marekani na Electro-Motive kati ya mwaka 1938 na 1953. Kina nguvu za farasi 600, uzito upatao tani 90, na ekseli nne zilizogawanywa katika bogi mbili. Kila ekseli huendeshwa na mota yake ya umeme. Baadhi ya vichwa hivyo vimehifadhiwa na vingali vikitembea, na wanaovitunza hawana budi kuvibadilishia magurudumu na beringi.

Katika kila ekseli ya kichwa cha namna hii mna beringi za aina tatu. Ya kwanza imo ndani ya sanduku la ekseli, kwenye ncha ambayo tunapendekeza iitwe “shingo ya ekseli”. Katika vichwa vingi vya kale beringi hiyo ni kipande cha shaba kilichopakwa metali laini, nacho huikalia shingo kwa juu tu, kwani uzito wote hushuka kutoka juu. Chini yake huwekwa nyuzi zilizolowa oili. Ya pili huishikilia mota juu ya ekseli. Nayo ni vipande viwili vinavyoizunguka ekseli pande zote, hulainishwa kwa utambi. Ya tatu imo ndani ya mota yenyewe, na aghalabu ni ya rola.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Beringi ya shingo yaweza kubadilishwa kwa kuinua sanduku kidogo kwa jeki, kutoa kabari, kisha kuchomoa kipande cha shaba na kuingiza kingine. Beringi ya kushikilia mota haipatikani hivyo. Sharti nyaya za mota na vyuma vya breki vifunguliwe, kichwa kiinuliwe kutoka kwenye bogi au ekseli iteremshwe katika shimo pamoja na mota yake, ndipo mota itenganishwe na ekseli. Agizo lisilotaja ni beringi ipi laweza kumfanya fundi aandae jeki pale panapohitajiwa kreni.

Ama kuhusu gurudumu, nalo halibadilishwi peke yake relini kama la lori. Tundu lake hukerezwa liwe dogo kidogo kuliko kikalio chake katika ekseli, kisha hushindiliwa kwa mashine ya haidroli yenye nguvu ya makumi ya tani. Magurudumu mawili ya ekseli moja sharti yawe na kipenyo sawa. Yakitofautiana, lile kubwa hutaka kwenda mbali kuliko mwenzake, na ukingo wa mmojawapo huliwa na reli. Kwa sababu hiyo twapendekeza “jozi ya ekseli” kwa ekseli pamoja na magurudumu yake, na jina hilo ndilo liandikwe katika maagizo ya kazi.

Limebaki suala la kutofautisha beringi inayoteleza na ile inayobiringika. Mwaka 1930 kampuni ya Timken ilionyesha kwa garimoshi la mvuke lenye namba 1111 kwamba beringi za rola zaweza kuwekwa katika ekseli zote. Mafundi wengi huita kila beringi ya namna hiyo “ya gololi”. Lakini gololi ni tufe, na rola ni mfano wa pipa dogo. Hubeba mzigo kwa mstari, si kwa nukta. Twapendekeza basi “beringi telezi”, “beringi ya rola” na “beringi ya gololi”, kila moja kwa mahali pake.

Beringi telezi ikikosa oili, metali yake laini huyeyuka, shingo huungua, na ekseli yaweza kukatika treni ikiwa mwendoni. Ripoti inayosema “gurudumu limepata moto” humpeleka mkaguzi kwenye breki. Inayosema “shingo ya ekseli imepata moto” humpeleka kwenye sanduku la oili. Mafundi wa karakana walio na majina yaliyo bora kuliko haya tunawaomba watuandikie, kwani istilahi isiyotumika kazini hubaki karatasini.