Buibui Mrukaji: Mwindaji Asiyetega Utando

Katika kuta za mawe na chokaa za nyumba kongwe za Bagamoyo, mchana, huonekana buibui wadogo wasionasa windo kwa utando. Hawa ni buibui warukaji, na silaha yao ya kwanza ni macho. Kila mmoja anayo 8: mawili makubwa ya mbele hupambanua umbo, na mengine hugundua mwendo.

Nzi akitua, buibui humgeukia, kisha humnyatia polepole. Akimkaribia hugandisha uzi wa hariri ukutani, ndipo huruka. Shinikizo la damu ndilo linyooshalo ghafla miguu yake ya nyuma. Akikosa, uzi humzuia asianguke.

Je, mwindaji huyu huchagua windo? Kandokando ya Ziwa Viktoria, nchini Kenya na Uganda, yuko aina aitwaye *Evarcha culicivora*, aliyepewa jina hilo mwaka 2003. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba humpendelea mbu jike aliyeshiba damu. Wachanga wake humzunguka mbu wa Anofelesi kwa nyuma na kupita chini ya tumbo lake lililoinuka, kisha humkamata.

Mbu huyo amekwisha kuuma. Basi faida iko wapi? Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuambukizwa. Mbu aliyeliwa mapema hawafikishi kwa mtu mwingine. Chandarua kingali cha lazima. Lakini mwanafunzi amwonapo buibui huyu ukutani, na amchunguze kabla ya kushika ufagio.