Uwatu na Ugonjwa wa Kisukari

Siku moja baada ya ibada ya asubuhi mama mmoja wa mtaa wetu alimngoja mwalimu penye mlango wa kanisa, naye ameshika kifuko cha mbegu katika upindo wa kanga yake. Akasema, "Mwalimu, nisaidie. Jirani yangu ameniletea uwatu. Aniambia nikimnywesha mwanangu maji yake asubuhi na jioni, sukari itakwisha, nasi tutaacha sindano. Nimeziacha tangu juzi."

Mwanawe ni mvulana wa miaka 11, mwenye kisukari tangu utoto wake. Mwalimu hakumkemea mama yule, wala hakucheka. Akamjibu, "Mama, twende kwako sasa hivi. Habari za uwatu tutazungumza njiani." Maneno waliyozungumza njiani twapenda kuyaandika hapa, maana twajua ya kuwa kifuko kama kile kimo katika nyumba nyingi.

Uwatu si mgeni kwetu. Ni mbegu ndogo za rangi ya manjano iliyofifia, chungu ulimini, na ukiziloweka usiku kucha hutoa ute mzito. Mama aliyejifungua hupewa ili maziwa yatoke. Na katika ute huo ndimo ilimo nguvu yake juu ya sukari, kwa kuwa ukichanganyika na chakula tumboni huizuia sukari isikimbilie damuni yote kwa mara moja, yaingia polepole. Basi jirani hakusema uongo mtupu. Mwaka 1990 wataalamu wa Hyderabad, katika nchi ya India, walitangaza habari za jaribio lao. Wagonjwa wachache wa kisukari, wale waishio kwa insulini, walilishwa unga wa uwatu uliotolewa mafuta, gramu 100 kila siku kwa muda wa siku 10. Sukari iliyotoka katika mkojo wao ikapungua kwa 54 katika kila 100.

Ni jambo la kutazamwa hilo. Lakini gramu 100 ni karibu robo ya ratili, si kijiko kimoja kilicholowekwa katika kikombe. Na mtu awezaye kula uchungu wa kadiri hiyo kila siku ni mvumilivu kuliko mimi niandikaye. Tena wagonjwa wale walikula uwatu pamoja na dawa yao, wala haukuwekwa mahali pa sindano.

Mama akauliza, "Kwa nini usiwekwe mahali pake, ikiwa wapunguza sukari?" Mwalimu akamweleza hivi. Sukari ya damu ni chakula cha mwili, lakini haiwezi kuingia vema katika misuli pasipo kufunguliwa mlango. Mfungua mlango ni insulini, nayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kongosho la mtoto huyu limekoma kuitengeneza. Uwatu waweza kuichelewesha sukari njiani, lakini mlango hauwezi kuufungua. Na asiye na insulini kabisa, hata asipokula kitu, sukari yake yazidi, maana ini huitoa. Nao mwili, kwa njaa yake, huyeyusha mafuta yake wenyewe hata damu ikawa na ukali wa kuua.

Kabla ya mwaka 1922 watoto wa namna hii hawakuishi siku nyingi. Matabibu walijua tu kuwapunguzia chakula, hata wakawa mifupa mitupu, ili kifo kikawie. Tarehe 11 Januari mwaka ule, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, mvulana wa miaka 14 jina lake Leonard Thompson, aliyekonda hata uzito wake ukawa ratili 65, alichomwa sindano ya dawa iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe na Frederick Banting na Charles Best. Dawa haikuwa safi, ikamletea jipu, na faida yake ilikuwa ndogo. Tarehe 23 akachomwa nyingine iliyosafishwa na James Collip, na sukari yake ikashuka. Mvulana yule akaishi miaka 13 zaidi.

Walipofika nyumbani walimkuta mtoto amelala ukumbini. Alikuwa ameomba maji usiku kucha, ametapika, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake yanuka kama matunda yaliyoiva mno. Walimu wa shule na wazijue dalili hizo kwa moyo, maana mtoto aliye nazo hangojewi hata kesho. Wakamchukua hospitali saa ile ile. Alilazwa siku 4, akapona.

Wako watakaosema, Basi miti yote ni bure. Hatusemi hivyo. Isaya mwenyewe aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Tena wagonjwa wengi wa kisukari si kama mtoto huyu. Ni watu wazima ambao kongosho lao lingali likifanya kazi, ila insulini yao haitoshi, au mwili hauiitikii. Hao wengi wao humeza vidonge viitwavyo metformini, na asili ya vidonge hivyo ni majani. Huko Ulaya kuna mmea uitwao galega, ambao watu wa zamani waliutumia kwa dawa, na kondoo walioula kwa wingi walikufa. Wataalamu wakaona ndani yake kitu kishushacho sukari, lakini chenye sumu. Wakatafuta ndugu yake asiyedhuru, na mwaka 1957 tabibu Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza jinsi metformini ilivyowafaa wagonjwa. Toka shambani hata kidonge ilikuwa kazi ya miaka mingi ya kupima na kukataa.

Si kila kilichopimwa kilishinda. Mwaka 2003 watu 60 wa Pakistani walipewa mdalasini kwa siku 40, na sukari ikashuka, habari ikaenea ulimwenguni. Lakini mwaka 2012 majaribio 10 yalipokusanywa pamoja, yenye watu 577, haukuonekana uthibitisho wa kutosha. Mdalasini na ubaki katika chai.

Amezaye vidonge vya kisukari na kunywa uwatu kwa wingi amwambie tabibu, maana sukari yaweza kushuka kupita kiasi: mtu hutetemeka, hutoka jasho, huzimia. Akiwa bado aweza kumeza, apewe sukari au asali upesi. Mwenye mimba asiunywe kama dawa. Na unga wa kopo usiojulikana mwuzaji wake ni wa kuogopwa zaidi ya mbegu za sokoni. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitali kwa dawa za magendo za nguvu za kiume, ambazo ndani yake mlikuwa na dawa kali ya kushusha sukari. Wanne wakafa.

Kwa wale ambao sukari yao imeanza kupanda tu, habari njema zilitoka Marekani mwaka 2002. Katika watu 3,234, waliopunguza uzito kidogo na kutembea kwa haraka dakika 150 kila juma walipunguza hatari ya kuupata ugonjwa kwa 58 katika 100. Waliopewa metformini, kwa 31.

Yule mama hakuutupa uwatu wake. Autia katika mchuzi kama alivyofanya mama yake. Chupa ya insulini i ndani ya chungu kidogo kilichotiwa katika chungu kikubwa, na kati yake mna mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni ili dawa ikae katika ubaridi. Mtoto mwenyewe ndiye atiaye maji.