Oili ya stelingi ikimwagika, usifunike kwa udongo

Mwezi huu tunaongea na familia zenye gari, na sisi wote tunaopanda gari la jirani. Hapa Nakivale gari moja kuukuu linabeba mengi: magunia ya mahindi, wagonjwa wanaokwenda Mbarara, hata bibi harusi. Likiharibika, tunalia wengi.

Kwetu tuna Toyota Corolla ya miaka ya 1990, tuliyonunua kwa mchango na shemeji yangu. Siku moja mpira unaorudisha oili kwenye kikopo cha stelingi ulipasuka. Shemeji akaniambia, "Shemeji, fundi wa nini? Spana si ninazo?" Akafungua mpira nyumbani, akafunga mwingine. Jioni akasema gari limepona. Tukapanga alfajiri kumpeleka mama jirani kwenye miadi yake ya hospitali, Mbarara.

Usiku mwanangu, aliyekuwa anamshikia mjomba wake tochi, akaja polepole. "Baba, ile oili nyekundu ilimwagika yote. Mjomba akafunika na udongo."

Tukawasha gari. Pampu ikalia ng'uuu, usukani mzito kama jiwe la kusagia. Nikazima palepale. Shemeji akainamisha kichwa: hela ya oili ilikuwa imekwisha, akawa anafikiri kuongeza mafuta ya breki asubuhi.

Jamani, tulimshukuru yule mtoto! Bila oili hiyo usukani bado unageuza matairi, lakini kwa nguvu nyingi. Kwenye kona ya mteremko, na abiria ndani, dereva anaweza kushindwa kukata kona kwa wakati. Na pampu ikizunguka kavu inajisaga, basi unanunua pampu badala ya oili.

Mama jirani tulimpandisha teksi ya abiria, nauli tukatoa sisi. Iliuma, lakini alifika. Baadaye tukamwita fundi mzee, akatuonyesha kazi hivi:

1. Jua oili yako. Toyota nyingi za zamani zinatumia ATF, ile nyekundu ya gia za otomatiki, aina ya Dexron II au III. Honda ina oili yake. Soma kifuniko cha kikopo au kitabu cha gari. Gari nyingi za siku hizi zina stelingi ya umeme, hizo hazina oili kabisa.

2. Mafuta ya breki, hapana! Yanavimbisha na kuharibu mipira ya ndani ya pampu na stelingi. Ukishayaweka kwa makosa, usiwashe gari. Ita fundi ayatoe yote.

3. Tafuta ilipotokea. Kaza klipu za mpira, pangusa pakauke. Kuongeza oili bila kuziba ni kuchota maji kwa kikapu.

4. Toa hewa. Zuia matairi ya nyuma kwa mawe, vuta hendibreki, inua mbele kwa jeki kisha weka stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Jaza kikopo. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, mara kumi hadi ishirini. Mwenzako aangalie kikopo na kuongeza oili isiishe.

5. Mapovu yakiisha, washa injini bila kukanyaga mafuta, zungusha tena. Usibane usukani mwishoni zaidi ya sekunde tano. Oili ikiwa na povu kama maziwa, hewa bado imo: zima, ipumzike, rudia. Mwisho pima kwa alama za kikopo. Oili baridi ina alama yake na ya moto yake.

6. Laza katoni chini ya gari usiku kucha. Kwetu asubuhi tulikuta tone moja jekundu. Klipu ilikuwa imelegea kidogo! Tukakaza, usiku wa pili katoni ikawa kavu.

Akina mama na akina baba, angalieni hili pia: oili hiyo inafanana na soda nyekundu. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda wala jerikeni ya maji ya kunywa, mtoto atakunywa. Oili chafu iweke kwenye chombo chenye kifuniko, umpelekee fundi. Usimwage chini, mvua itaipeleka ziwani, na maji ya ziwa tunayatumia wote.

Shemeji bado ndiye fundi wetu wa nyumbani. Ila tumekubaliana jambo moja: kitu kikimwagika, kinasemwa siku hiyohiyo, hata kama hela hakuna. Hela tutatafuta pamoja. Na mtoto akisema alichokiona, asigombezwe.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.