Kusoma habari kwenye televisheni mashariki mwa Congo: sura inajulikana, mfuko uko mtupu

Katika soko la Virunga mjini Goma ama lile la Kadutu mjini Bukavu, msomaji wa habari wa televisheni ya mahali hapiti bila kuitwa. Watu wanajua jina lake, sauti yake na hata koti analolivaa siku ya Jumapili. Wengi wanadhani kwamba mtu anayeonekana kila jioni kwenye televisheni lazima awe na pesa. Wauzaji wanampandishia bei, na jamaa wanamletea matatizo yao. Lakini mara nyingi mtu huyo anamaliza mwezi bila mshahara kamili, na kazi yake inaweza kukatika siku moja kwa sababu ambayo haihusu kosa lolote alilofanya.

Televisheni ilianza Kinshasa mwaka wa 1966, mwanzoni mwa utawala wa Mobutu. Kwa miaka mingi nchi nzima ilikuwa na sauti moja tu, ile ya serikali. Waliokua wakati wa OZRT bado wanakumbuka sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni kabla ya habari kuanza. Msomaji wa wakati ule alikuwa mfanyakazi wa serikali, na kazi yake ilikuwa kusoma alichoandikiwa. Baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 iliyofungua mlango kwa vyama vingi, zikaanza kuzaliwa televisheni za watu binafsi. Mwaka wa 1997, utawala ulipobadilika, OZRT ikawa RTNC. Leo, kando ya vituo vya RTNC katika majimbo, kuna televisheni za wafanyabiashara, za wanasiasa na za makanisa.

Njia ya kufikia kiti cha msomaji ni ndefu. Shule kubwa ya uandishi wa habari, IFASIC, ambayo sasa ni chuo kikuu kwa jina la UNISIC, iko Kinshasa, mbali sana kwa kijana wa Beni ama wa Uvira. Kwa hiyo wengi wanaingia kwa mlango mwingine. Mmoja amesomea sheria, mwingine ualimu. Wanaanza kwenye redio kwa kusoma matangazo ya vifo, salamu za wasikilizaji na matokeo ya mpira. Kisha wanafanya staji ya miezi mingi bila malipo, wakibeba kamera na kukimbilia mikutano ya waandishi wa habari. Anayevumilia, na ambaye sauti yake inapendeza, siku moja anaambiwa akae mbele ya kamera kwa sababu msomaji wa kawaida ni mgonjwa ama amehama.

Hapo anagundua kwamba kazi ngumu kuliko zote ni lugha. Matangazo ya gavana, ya jeshi na ya mashirika yanafika kwa Kifaransa, lakini mtazamaji anangojea Kiswahili. Msomaji anatafsiri haraka, mara nyingine akiwa na kalamu mkononi dakika chache kabla ya saa. Kifaransa kikisema kwamba watu waliokamatwa ni "présumés", yeye lazima atafute neno "wanaoshukiwa". Akiliruka neno hilo kwa haraka, tayari amewahukumu vijana wa mtaa fulani mbele ya mji mzima, na usiku huohuo nyumba yao inaweza kuchomwa. Akitumia Kiswahili cha vitabu kupita kiasi, mama wa Kadutu atasema kwamba anaongea kama mgeni. Akitumia kile cha barabarani, wakubwa watasema kwamba anachafua kazi. Msomaji mzuri anajifunza kupita katikati, na hilo linachukua miaka.

Vifaa navyo havimsaidii. Katika studio nyingi hakuna kioo kinachopitisha maneno mbele ya macho. Anasoma kwenye karatasi, anainua kichwa, anarudi kwenye karatasi. Umeme ukikatika, watu wa ufundi wanakimbilia jenereta, na kama mafuta yameisha, taarifa ya habari imekufa. Kesho yake mtaani ataulizwa yeye, siyo kampuni ya umeme.

Kisha kuna swali la pesa. Kwa kuwa mishahara ni midogo na inachelewa, waandishi wengi wanaishi kwa kile kinachoitwa "coupage": bahasha ambayo mwenye mkutano anawapa baada ya kazi, ikiitwa pesa ya usafiri. Maadili ya kazi hayakubali jambo hilo, lakini tumbo nalo lina sheria zake. Hasara yake haionekani mara moja. Semina ya hotelini inapita kwenye habari kwa sababu ilikuwa na bahasha, lakini kijiji cha Masisi ama cha Walikale kilichokimbiwa na wakaaji wake hakina mtu wa kutoa bahasha. Msomaji anasoma alicholetewa, na mtazamaji anadhani kwamba hayo ndiyo yaliyotokea siku hiyo.

Mwenye televisheni naye ana mambo yake. Huko Lubumbashi, Nyota TV ya Moïse Katumbi ilifungwa wakati wa mvutano kati yake na utawala wa Joseph Kabila, ikafunguliwa tena mwaka wa 2019, baada ya Félix Tshisekedi kuingia madarakani. Tembo wawili wakipigana, nyasi ndizo zinaumia: wasomaji na watu wa kamera walibaki bila kazi kwa ugomvi ambao haukuwa wao.

Lakini kuna siku ambapo kazi hii inaonyesha faida yake wazi. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi akaamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame. Uvumi ulikuwa unakimbia kuliko lava. Wakati kama ule, watu wanatafuta sura na sauti wanazozijua ili waambiwe barabara ipi ni salama na mtaa upi unahusika. Wakati wa Ebola pia, sauti za mahali ziliweza kueleza mambo ambayo wageni walishindwa kuyaeleza. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo kwenye redio, Papy Mumbere Mahamba, aliuawa Lwemba, Ituri, mwezi wa Novemba 2019.

Yeye siye peke yake. Mjini Bukavu, Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa mwezi wa Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo mwezi wa Novemba 2008. Héritier Magayane wa RTNC aliuawa huko Rutshuru mwezi wa Agosti 2021. Edmond Bahati, aliyekuwa anaongoza Radio Maria mjini Goma, aliuawa mwezi wa Septemba 2024. Hatari ni ya waandishi wote, lakini msomaji wa televisheni ana tatizo la ziada: mtu wa redio anaweza kunyamaza ndani ya basi asijulikane, wakati yeye anajulikana kabla hajafungua mdomo.

Mwaka wa 2025 ulifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi. Mwanzoni mwa Januari, waziri wa sheria Constant Mutamba alionya kwamba anayeeneza habari za jeshi la Rwanda na za M23 anaweza kupata adhabu ya kifo. Mwisho wa mwezi huohuo M23 iliingia Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Mwezi wa Juni, CSAC, taasisi inayosimamia vyombo vya habari, ilikataza kwa siku 90 kuzungumzia shughuli za Joseph Kabila na za chama chake, baada ya yeye kufika Goma.

Kwa msomaji aliyebaki katika miji hiyo, kila neno likawa mtego. Akisema "waasi", wenye bunduki walio mlangoni watamuuliza. Akisema "viongozi", Kinshasa itamhesabu kuwa msaliti. Wengine walikimbia na familia zao. Wengine waliacha habari, wakabaki na muziki, mahubiri na mpira.

Hata bila vita, wachache wanazeekea kwenye kiti hicho. Wengine wanakuwa wasemaji wa mashirika ama wa magavana. Patrick Muyaya, msemaji wa serikali tangu 2021, naye alipitia uandishi wa habari kabla ya kuingia bungeni. Wengine wanachagua njia ngumu zaidi. Solange Lusiku Nsimire alianzia kwenye redio mjini Bukavu, kisha akaongoza gazeti la Le Souverain licha ya vitisho, na mwaka wa 2014 akapewa tuzo ya ujasiri ya IWMF. Alifariki mwezi wa Oktoba 2018. Siku hizi vijana wengi hawangojei studio tena. Wanasoma habari mbele ya simu na kuzituma kwenye intaneti, ambako hakuna mwenye televisheni wa kuwafukuza, lakini pia hakuna mhariri wa kuwaambia kwamba neno "wanaoshukiwa" limesahaulika.

Katiba ya nchi, katika kifungu cha 24, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Mashariki, haki hiyo inapita mikononi mwa watu wachache wanaojulikana na wote na wasiolindwa na yeyote. Mshahara unaolipwa kwa wakati haungezuia risasi. Lakini ungempa msomaji nguvu ya kukataa bahasha, na ungekipa kijiji kisicho na bahasha nafasi yake katika habari za jioni.