Je, Wajua? Kuku Hutakaswa na Moto, Si Maji

Kuku akichinjwa Newala au Masasi, majirani wanajua kuna jambo: mgeni kafika, mtoto kafaulu, au malipo ya korosho yameingia. Wasichokijua wengi ni vituko vinavyotokea kati ya beseni la manyoya na sufuria. Haya hapa machache. Chagua la kwenda kutambia barazani.

Tone moja hupita dhiraa nzima

Maji yakimwagwa juu ya kuku mbichi, matone yake yanaweza kuruka zaidi ya sentimita 50, kupita urefu wa dhiraa, yakiwa yamebeba bakteria. Mwaka 2022 watafiti walichapisha kwenye jarida la Physics of Fluids majaribio yao kuhusu jambo hili hili. Kadiri maji yanavyotoka juu zaidi ndivyo yanavyorusha zaidi, na ulaini wa nyama unazidisha, kwa sababu maji hubonyeza kishimo kisha yakatimka pembeni. Iwe bomba la mjini au kopo la kijijini, sheria ni ileile. Ukimchinja mwenyewe na ni lazima damu na manyoya yatoke, mtumbukize taratibu kwenye beseni lenye maji badala ya kummiminia. Maji hayo yamwage mbali na vyombo, na beseni lisugue kwa sabuni.

Mtu mmoja kati ya wanne alipeleka kuku kwenye saladi

Mwaka 2019 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliowaangalia watu wakipika. Kuku walikuwa wamepakwa bakteria wasio na madhara, ili wafuatiliwe wanakokwenda. Kati ya walioosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria kwenye sinki, na asilimia 26 waliwafikisha hadi kwenye majani ya saladi. Hata baada ya sinki kusafishwa, asilimia 14 bado walikutwa na bakteria humo. Kuku anapikwa na bakteria wake wanakufa, lakini saladi haipikwi. Kwetu saladi hiyo ni kachumbari, na inakatwa palepale alipokatiwa kuku.

Asiyeosha kuku naye hakusalimika

Katika utafiti huohuo, asilimia 31 ya watu ambao hawakumwosha kuku kabisa walikutwa na bakteria kwenye saladi yao. Maji ya kumwoshea kuku hayakuhusika; huenda mikono ndiyo iliyowabeba, kwa kuwa haikunawiwa sawasawa. Mtazame mpishi yeyote mwenye haraka: anakata paja, anajifuta kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, anafunua mkebe wa chumvi, anamnyanyua mtoto anayelia. Ndani ya dakika moja bakteria wameshafika kwenye kanga, kwenye mkebe na kwenye shavu la mtoto.

Mdudu anayependa joto la kuku

Kampilobakta, mmoja wa bakteria wanaoongoza duniani kwa kuharisha watu, hustawi zaidi kwenye nyuzi joto 42. Hilo ndilo joto la mwili wa kuku, au karibu yake. Kwa binadamu ingekuwa homa ya kutisha. Ndiyo maana kuku anaweza kuwa nao tumboni huku akidonoa na kuwika kama kawaida, mzima wa afya. Na hawahitajiki wengi: majaribio kwa watu waliojitolea yameonyesha kwamba bakteria 500 tu wanaweza kumwangusha mtu mzima. Kwa hiyo kuku mwenye macho maangavu na manyoya ya kung'aa anastahili tahadhari ileile anayopewa kuku wa kisasa aliyegandishwa dukani.

Barafu haiui, inawalaza usingizi

Kumgandisha kuku kwenye friza hakuwaui salmonela. Bakteria wengi husimama tu, na barafu ikiyeyuka huamka na kuendelea na safari. Ndiyo sababu kuku aliyegandishwa hayeyushwi juu ya meza usiku kucha. Myeyushie kwenye friji, ndani ya chombo chenye kingo, ili majimaji yake yasidondokee mboga zilizo chini.

Ndimu inaondoa shombo, haiondoi ugonjwa

Kumpaka kuku ndimu au siki hakuwaui bakteria kiasi cha kumfanya awe salama. Asidi yake haiwafikii wote, hasa waliojificha kwenye vinyweleo na mikunjo ya ngozi. Ndimu ibaki na heshima yake: inakata shombo, inalainisha nyama na kuipa ladha. Mpake, mwache akolee, kisha apelekwe motoni bila kusuuzwa.

Newala maji huchemka kabla ya nyuzi 100

Kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto pungufu la takriban nyuzi 1. Juu ya Uwanda wa Makonde, sufuria inatokota kwenye nyuzi 97 au 98 hivi, wakati ya Mtwara mjini inafika 100. Usiogope: nyama ya kuku ikifika nyuzi 74 hadi ndani kabisa, salmonela na kampilobakta hawana pa kukimbilia. Mchuzi unaotokota una joto la ziada; kinachotakiwa ni muda wa kulifikisha joto hilo kwenye kiungio cha paja.

Wekundu wa mfupani unaweza kukudanganya

Kuku wa kisasa anaweza kuiva kabisa na bado akawa na wekundu karibu na mfupa. Huchinjwa akiwa na umri wa wiki tano au sita, mifupa yake ikiwa bado michanga na yenye vitundu, na rangi ya uboho hupenya hadi kwenye nyama. Kinyume chake pia ni kweli: nyama inaweza kuwa nyeupe kabla haijaiva vya kutosha. Asiye na kipimajoto achome paja mahali penye unene. Majimaji yatoke maangavu, na nyama iachie mfupa.

Ini lina wageni wa ndani

Kwenye paja au kidari, bakteria wengi wapo juu juu, lakini kwenye ini kampilobakta hupatikana hadi katikati. Kuligeuza geuza kwenye mafuta mpaka libadilike rangi nje tu hakutoshi. Liive hadi ndani, lisibaki na uwekundu. Firigisi nayo ichanwe, changarawe zimwagwe, na ile ngozi ya njano ibanduliwe yote. Hapo tu ndipo inapostahili kuwekwa mbele ya mkuu wa kaya.

Kibao cha mti si mshamba

Mtafiti wa Marekani Dean Cliver alitaka kuthibitisha kwamba vibao vya plastiki ni salama kuliko vya mbao, akakutana na matokeo asiyoyatarajia. Kwenye mbao, bakteria walivutwa ndani ya nyuzi za mti, hawakuongezeka, na baada ya muda wakafa. Kwenye plastiki iliyochanwachanwa na kisu, walijificha kwenye michirizi na kusafishwa kwao kukawa kazi. Cha muhimu ni kusugua kwa sabuni na maji ya moto, kisha kuanika juani. Kibao kilichopasuka, cha mti au cha plastiki, kimemaliza utumishi wake.

Mmoja huzaa milioni mbili ifikapo alasiri

Bakteria aliye mahali pa joto na penye chakula anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Piga hesabu: akianza mmoja saa mbili asubuhi, ifikapo saa tisa alasiri wamefika 2,097,152. Wanapenda kiwango cha kati ya nyuzi 5 na 60, na joto la jikoni kwetu limo humo mwaka mzima. Kuku mbichi asisubiri wageni mezani, na kiporo kichemshwe mpaka kitokote, si kupashwa vuguvugu.

Mdondo hauui watu, ila usijaribu bahati

Kirusi cha mdondo kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, lakini kwa binadamu kwa kawaida huleta macho mekundu tu yanayopona. Tatizo ni kwamba dalili zake zinafanana na za mafua ya ndege, ambayo yameua watu, baadhi yao wakiwa wameambukizwa walipochinja na kunyonyoa kuku wagonjwa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kuku aliyezubaa au aliyekufa asiingie jikoni. Mjulishe ofisa mifugo. Kinga ni rahisi: tone moja la chanjo ya I-2 kwenye jicho, kila baada ya miezi minne.

Usafi huu unaokoa maji

Uwanda wa Makonde hupata mvua, lakini mchanga wake huyanywa maji mpaka chini sana, na juu hakubaki mto. Ndiyo maana vizazi vilishuka mabondeni kuteka, na mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kwa pampu kuyapandisha juu. Mahali ambapo ndoo ina thamani hiyo, kuacha kumsuuza kuku kunakubakizia maji ya kunawa mikono. Kibuyu chirizi, kifaa kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1980, kinatosha: kanyaga kijiti, sugua kwa sabuni kwa sekunde 20, suuza. Hakuna kugusa chombo kwa mkono mchafu.

Mara kumi ya Watanzania huugua kila mwaka

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kichafu. Hiyo ni karibu mara kumi ya Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Kati ya wanaokufa, 420,000 kwa mwaka, watoto wa chini ya miaka mitano ni 125,000.

Kwa hiyo, mpishi, panga upya zamu za jikoni: kata kachumbari kwanza na uifunike, kuku afuate, kisha sabuni kabla hujagusa kitu kingine chochote. Hatua hizo tatu hazina gharama kubwa, na zinamlinda mtoto kuliko ndoo nzima ya kusuuzia.