Je, Wajua? Sensa ya Joto Husingiziwa

Gari liko Dar es Salaam, jua la saa sita linachoma, lakini kompyuta yake inaamini kuwa maji ya injini yana nyuzijoto 40 chini ya sifuri. Haijapata wazimu. Waya wa sensa ya joto umekatika tu.

Ndani ya sensa hiyo mna kipande kidogo cha oksidi za metali ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Michael Faraday aliiona tabia hii mwaka 1833 katika salfaidi ya fedha, na ilikuwa ajabu, kwa kuwa waya wa shaba hufanya kinyume chake. Katika Toyota nyingi, maji yakiwa na nyuzi 20 utapima omu 2,000 hadi 3,000. Yakifika 80, zinabaki kama 300 tu. Kompyuta hupeleka volti 5, ikasoma zilizobaki, ikajua joto, kisha ikaamua petroli ya kumwaga. Injini ikiwa baridi huongezewa mafuta. Ndiyo maana kompyuta iliyodanganywa hulifanya gari linywe mafuta, litoe moshi mweusi na plagi zake zijae masizi.

Fundi anayejua kazi hakimbilii dukani. Huunganisha mashine ya kupimia, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akachomoa soketi ya sensa. Joto kwenye skrini lishuke hadi hasi 40. Akiunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, lipande hadi juu kabisa. Likitii hivyo, nyaya na kompyuta ni nzima. Aiangalie sensa yenyewe, na zile pini zake zenye kutu ya kijani.

Sensa inayopotoka kidogo ndiyo inayosumbua, maana mara nyingi taa ya injini haiwaki. Hiyo hupimwa alfajiri, gari likiwa limelala nje usiku kucha: joto la maji na la hewa inayoingia kwenye injini yanapaswa kukaribiana. Yakipishana sana, mojawapo ya sensa hizo mbili, ya maji au ya hewa, inadanganya.

Ila mara nyingine sensa husema kweli na bado ikatupwa. Gari likichemka, kuna mafundi wanaong'oa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa bado baridi, na kuiacha nje moja kwa moja, dawa mbovu kuliko ugonjwa. Maji huzunguka kwenye rejeta tangu mwanzo, injini haipati joto lake, na sensa inaripoti hivyohivyo. Msimbo wa hitilafu P0128 hujitokeza, mteja anauziwa sensa mpya, na mafuta yanaendelea kuisha.

Usiutegemee mshale wa dashibodi pia. Magari mengi ya zamani yana sensa mbili: ya waya mmoja ni ya geji, ya nyaya mbili ni ya kompyuta. Mshale unaweza kukaa katikati kwa utulivu huku kompyuta ikiamini iko kwenye theluji.